Ukienda Bujora, Nenda na Bibi

Basi la kutoka Bariadi kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi hupita Kisesa kabla halijaingia jijini. Akina mama wengi wa Simiyu tumepita hapo mara nyingi: tukienda kumwona mgonjwa Bugando, tukienda kununua vitenge vya harusi, au tukimsindikiza mtoto shule ya bweni. Ukifika Kisesa mawazo yako yamekwisha tangulia stendi. Unahesabu mizigo na kumfuta mtoto vumbi usoni, na huna habari kwamba karibu na barabara ile, juu ya kilima chenye mawe makubwa, vimehifadhiwa vyombo ambavyo mama wa mama yako alivishika kila siku ya maisha yake.

Mahali hapo panaitwa Bujora. Ni kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, katika wilaya ya Magu, na ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Msomaji mpendwa, ikiwa una watoto wanaosoma, na ikiwa nyumbani mwako au kijijini kwenu yuko bibi ambaye bado anaweza kupanda basi, makala haya yanakuhusu.

Tusiogope neno makumbusho. Wengi tunapolisikia tunafikiria jumba la Dar es Salaam lenye vioo na walinzi, mahali pa wazungu na wanafunzi wa chuo. Bujora si hivyo. Ni uwanja wenye miti na miamba, na nyumba zake zimetawanyika kama nyumba za mji wa ukoo mkubwa. Mtoto anaingia hii, anatoka, anakimbilia ile. Mwongozaji huzungumza Kiswahili, na ukimwamkia kwa Kisukuma utaona uso wake unavyofunguka.

PADRI ALIYEPENDA NGOMA

Aliyeanzisha kazi hii hakuwa Msukuma. Alikuwa padri kutoka Quebec, nchini Kanada, jina lake David Clement, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale waliozoeleka kuitwa White Fathers. Watu wa Bujora walimpa jina la Fumbuka. Alifika Usukumani katika nyakati ambazo wamisionari wengi waliona ngoma kuwa mlango wa shetani. Mkristo mpya alitakiwa kuachana nayo, pamoja na hirizi na vyungu vya matambiko.

Padri Clement alichukua njia nyingine. Aliketi na wazee akawauliza. Alikusanya waimbaji, wakaunda chama kilichoitwa Bana Sesilia, kwa heshima ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Hao waliimba nyimbo za kanisani kwa sauti za Kisukuma na kwa ngoma za Kisukuma. Leo ngoma kanisani si jambo la kushangaza hata kidogo, lakini wakati huo lilikuwa neno zito.

Tazama hata kanisa alilolijenga. Ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya ntemi, yaani mtawala wa Kisukuma. Altare ina umbo la kiti chake cha enzi. Tabernakulo imetengenezwa kama nyumba ya mtawala, ikiwa na ngao na mikuki, ishara ambayo kila Msukuma wa zamani aliielewa bila kuambiwa: mwenye nyumba yumo ndani.

Makumbusho yenyewe yalifunguliwa rasmi mwaka 1968, na ilikuwa wakati wake hasa. Miaka mitano kabla, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imefuta utawala wa machifu. Himaya za Usukuma, zilizohesabiwa kuwa zaidi ya 50, zilikoma kwa siku moja katika sheria. Lakini ngoma zao, viti vyao na mikuki yao havikuweza kufutwa kwa karatasi. Viliachwa majumbani kwa jamaa za watemi, na mchwa hauna habari za siasa. Vingi vilioza, na vingine vilipotea. Baadhi vililetwa Bujora vitunzwe, na ndivyo tunavyoviona hadi sasa.

KITI KIKUBWA KAMA NYUMBA

Watoto hupenda kuanzia kwenye jengo la ngoma za watemi, na si ajabu, kwa maana jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la isumbi, yaani kigoda cha kifalme. Unaingia ndani ya kiti! Humo zimepangwa ngoma kubwa za himaya mbalimbali. Si mapambo tu, kwa kuwa bado hupigwa katika sikukuu za kanisa na panapokuja wageni wa serikali.

Mwambie mtoto wako wa Bariadi kwamba hapa ndipo mahali pa kuuliza habari za Ntuzu. Mkoa wetu wa Simiyu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, kwa kuziunganisha wilaya zilizotoka Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka Magu. Lakini majina yake ni ya kale kuliko mkoa. Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa na Mwagala zilikuwa himaya zenye watemi wake. Leo mtoto anaiandika Itilima kwenye fomu kama jina la wilaya, au anapita Dutwa akielekea Lamadi, asijue kwamba anataja jina la ufalme.

Neno ntemi lenyewe wazee hulieleza kwa kitendo cha kutema, yaani kukata: aliyekata msitu wa kwanza ili watu wapate kulima, au anayekata mashauri. Na mahali alipokaa paliitwa ikulu. Naam, hilo hilo neno tunalolisikia redioni kila siku lilitoka huku kwetu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, likaenda Dar es Salaam.

Kuna jambo moja la utemi ambalo akina mama watalipenda. Katika himaya nyingi za Usukuma, zamani, ntemi hakurithiwa na mwanawe wa kiume. Alirithiwa na mtoto wa dada yake. Sababu waliyoitoa wazee ni rahisi, nayo inachekesha kidogo: mtoto aliyezaliwa na binti wa ukoo wa kifalme, hakuna awezaye kutilia shaka damu yake. Mambo haya yalibadilika wakati wa ukoloni, urithi ukahamia kwa wana wa kiume. Hata hivyo ni vema binti zetu wakajua kwamba ngoma zile kubwa, ambazo huonekana ni mambo ya wanaume watupu, zilipita kwenye matumbo ya dada. Ntemi naye hakutawala peke yake. Alikuwa na mkewe wa heshima, ngole, na walikuwapo wazee wa kumchagua, na hata wa kumwondoa mvua zilipokataa kunyesha. Ndiyo, ntemi aliweza kupoteza kiti kwa sababu ya ukame.

Na ikiwa mtoto atauliza kama mwanamke aliwahi kuitwa chifu, mweleze kwamba tarehe 8 Septemba 2021, hapo hapo Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya, lenye maana ya nyota ing'aayo.

NYUMBA YA MAMA

Wageni wengi hupiga picha kwenye ngoma, wakaondoka wakiwa wameridhika. Mimi nasema wanaacha sehemu iliyo tamu kuliko zote. Nenda kwenye nyumba ya Kisukuma, ile ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi. Inama uingie. Acha macho yazoee giza.

Sisi tulikwenda na mama mkwe wangu, ambaye ni mzaliwa wa Ntuzu na hajui kusoma. Njia nzima alikuwa kimya, kama mtu aliyechukuliwa kwenda ugenini. Tulipoingia kwenye nyumba ile hali iligeuka. Mwongozaji alianza maelezo yake vizuri, lakini baada ya dakika chache alinyamaza na kumsikiliza, kwa kuwa bibi alikuwa amekwisha shika usukani.

Jiwe la kusagia aliligusa kwa kiganja kwanza, akasema limechoka. Watoto walicheka. Akawaonyesha: jiwe kubwa la chini lina bonde katikati, na bonde likishakuwa jembamba na laini mno, unga hutoka mkubwa mkubwa, basi linabidi kugongwagongwa upya ili lipate meno. Alipiga magoti akaonyesha jinsi ya kukaa, miguu nyuma, uzito wote begani, mtama ukimwagwa kidogo kidogo kwa mkono mmoja. Akawaambia kwamba msichana alipimwa hapo. Kabla jogoo hajawika mara ya pili awe amekwisha saga unga wa siku nzima, na ndipo aende kisimani. Binti yangu wa darasa la sita, ambaye hulalamika akitumwa mashineni na ndoo ya mahindi, alilitazama jiwe lile kwa muda mrefu.

Kisha vibuyu. Kwetu sisi kibuyu ni kibuyu. Kwa bibi kila kimoja kilikuwa na kazi: hiki cha kusukia maziwa mpaka siagi itengane, hiki cha maji ya safari, hiki cha mbegu, hiki kilichokatwa ni kata ya kuchotea. Chungu cha mboga hakipikiwi ugali. Kisonzo cha kupimia nafaka si kisonzo cha kubebea. Mimi niliyeolewa kwake miaka mingi nilikuwa sijawahi kumsikia akiyasema hayo. Nyumbani kwetu kuna ndoo za plastiki na sufuria, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Hapa ndipo nilipoona kazi ya makumbusho ilipo na mwisho wake ulipo. Yanaweza kukihifadhi kibuyu kwa miaka 100. Jinsi kinavyooshwa kisinuke, na kinavyofukizwa moshi ili maziwa yapate harufu nzuri, hayo yamo kichwani mwa watu wachache ambao sasa wana miaka zaidi ya 70.

Nje ya nyumba ulizeni habari za akiba ya chakula, kwa maana Simiyu ni nchi ya ukame na jambo hilo si la kale. Vihenge vya nafaka vilikuwa benki ya mama. Viazi vitamu vilikaushwa kwa namna mbili, na mtoto ajifunze tofauti: michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa. Mama aliyekuwa na vitu hivyo mwezi wa kumi na mbili aliweza kuwalisha watoto mpaka mavuno. Haya bado tunayafanya Bariadi, Maswa na Meatu. Tofauti ni kwamba siku hizi baadhi yetu tunayaonea aibu, tukiona ni chakula cha wasio na uwezo, kisha tunanunua biskuti.

Karibu kuna nyumba ya mhunzi na vyombo vyake. Wahunzi walioitwa Balongo, wengi wao wa upande wa Geita, walifua chuma na kutengeneza majembe yaliyouzwa mbali sana. Jembe, au igembe kama tunavyosema kwetu, lilikuwa mali hasa. Lilibadilishwa kwa mbuzi na kwa nafaka, na hata mahari iliwahi kutolewa kwa majembe. Waume zetu wasikie hapo wapumzike kidogo na hesabu za ng'ombe.

MACHO MEKUNDU

Sasa niseme jambo ambalo halikuandikwa ukutani Bujora, lakini ukisimama ndani ya nyumba ile utalielewa mwenyewe.

Nyumba ya msonge haina bomba la moshi. Mafiga yako ndani, dirisha hakuna, na moshi hutoka polepole kupitia kwenye nyasi. Moshi ule ulikuwa na faida: ulifukuza wadudu darini na kukausha mbegu. Lakini aliyekaa nao ni mama. Alianza akiwa binti wa miaka saba na akaendelea mpaka uzee. Kuni zilipozidi kuwa adimu, misitu ikiwa imekatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho, wanawake wa Usukumani walipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mkali zaidi. Miaka 50 ya moshi huo huyafanya macho kuwa mekundu na yenye machozi.

Na macho hayo mekundu, katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, yamewaponza vikongwe wengi. Mtoto anafariki kwa malaria au ng'ombe wanakufa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na kidole kinamwelekea bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake. Wamekatwa mapanga usiku. Kila mmoja wetu aliyekulia huku amesikia habari za mmoja wao. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka, lakini macho ndiyo yaliyotajwa.

Sidhani kwamba kuna somo la shule linaloweza kumweleza mtoto jambo hilo vizuri kama kumwingiza katika chumba kile, ukamwonyesha mafiga na paa lililokuwa jeusi, ukamwuliza: kama ungepika hapa mara mbili kila siku tangu ukiwa na umri wako huu hadi uwe kama bibi, macho yako yangekuwa ya rangi gani? Mwanangu wa kiume alimgeukia bibi yake akamtazama usoni. Hakusema neno. Mama mkwe wangu ana macho mekundu.

Na hapo hapo utaona ubaya wa jambo lenyewe. Wale wale tunaowaogopa kwa ajili ya macho yao ndio walioshika ufunguo wa nyumba hii yote.

KUHESABU KWA SIRI

Turudi kwenye mambo ya kuchangamsha. Watoto wadogo hawatabanduka kwenye pipa moja linalozungushwa kwa mkono, ambalo limeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi. Kumbe Wasukuma hawakuwa na hesabu ya namna moja tu. Wavulana walikuwa na yao na wanaume yao. Wanawake vijana walikuwa na yao na wanawake watu wazima yao. Asiye wa kundi hilo hakuelewa kilichosemwa. Ilikuwa kama lugha ya siri, na kuijua kulimaanisha kwamba umekwisha pokelewa kundini. Wanangu walirudi nyumbani wakihesabu mayai kwa namna ambayo baba yao hakuielewa, na raha yao ilikuwa hiyo hasa.

Kuna pia isolo, mchezo wa bao wa Kisukuma, na kuna mahali palipotengwa kwa habari za ngoma za mashindano. Hapa kila familia ya Simiyu ina la kusema, maana Usukumani mtu aliulizwa wewe ni Mgika au Mgalu, kama vile vijana wa siku hizi wanavyoulizana Simba au Yanga. Bagika wanamtaja Ngika kuwa mwanzilishi wao, na Bagalu wanamtaja Gumha. Makundi haya mawili yalishindana baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, kila moja likipiga ngoma upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana walitafuta kila mbinu: Bayeye walicheza na nyoka, Banungule walijulikana kwa nungunungu, na wacheza bugobogobo walirusha majembe juu na kuyadaka. Bugobogobo ilianzia shambani. Vijana walilima kwa safu, ngoma ikiwapa mwendo, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Shamba la mjane liliweza kumalizika kwa siku moja.

Padri Clement aliyachukua mashindano hayo akayaunganisha na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni mara nyingi. Yanaitwa Bulabo, maana yake maua, kwa ajili ya maua yanayotupwa njiani katika maandamano. Ukitaka kuona Bujora ikiwa imejaa watu na vumbi, nenda wakati huo. Ukitaka mtoto wako asikie maelezo, nenda siku ya kawaida.

JE, MKRISTO AENDE?

Swali hili nimeulizwa na akina mama wenzangu, tena kwa uchungu. Bujora kuna nyumba ya mganga na vifaa vyake. Kuna vibanda vidogo vya masamva, yaani mizimu ya ukoo, ambako watu waliweka sadaka. Mama mmoja aliniambia kwamba baba yake alipobatizwa alikusanya vitu vya namna hiyo akavichoma moto mbele ya wazee wa kanisa. Kwa nini leo ampeleke mtoto akavitazame?

Simlaumu baba yule. Kwake vilikuwa vitu hai, vilivyomtawala, na alitaka kuachana navyo. Mtoto wangu hajawahi kutawaliwa na kibanda cha masamva. Kwake hatari iko kwingine: kwenye redio na mabango ya waganga wanaoahidi utajiri, na kwenye simu. Asipoambiwa mchana kweupe babu zake waliamini nini na waliogopa nini, atakuja kuambiwa gizani na mtu anayetaka fedha zake. Bujora mambo haya yanaonyeshwa mahali pa wazi, kwenye uwanja wa parokia, na kengele ya kanisa ikilia juu yake. Hakuna anayeambiwa apige magoti.

Tena tukumbuke kwamba moto ule haukuchagua. Pamoja na hirizi vilichomwa vigoda, vibuyu vya maziwa na shanga za harusi za bibi, kwa sababu tu ni vya zamani. Vingine havikuchomwa, viliuzwa. Hata leo hupita watu vijijini wakitafuta viti vya kale na ngoma, wakitoa bei ya jogoo kwa kitu ambacho hakitapatikana tena. Ukiwa na kitu cha namna hiyo nyumbani, si lazima ukipende. Muulize kwanza mwenye kukijua kilikuwa cha kazi gani.

MAJINA YETU

Safari yetu ya kurudi ilichukua muda, kama kawaida ya barabara ya Musoma, na bibi hakunyamaza tena. Watoto walitaka kujua majina. Kulwa na Doto kila mtu anajua ni pacha, na Shija ndiye afuataye. Lakini hawakujua kwamba Kashinje ni aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa. Mabula na Kabula walizaliwa mvua ikinyesha. Nyanzala alizaliwa wakati wa njaa, na Maige mwaka wa nzige. Milembe ni amani. Bibi aliweza kupanga miaka ya kijiji kizima kwa majina ya watu wake, asijue kusoma hata herufi moja.

Tulipovuka mto Simiyu kule Magu akaanza kuwasimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote. Ni hadithi ambayo bibi wote wa Kisukuma wanayo. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi. Kila alichokileta kutoka porini alimwuliza mama yake kama ndicho Shing'weng'we, na mama akamjibu si hicho, mpaka siku alipolipata zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, wakatoka watu wote wakiwa hai. Bibi mmoja alikatwa sikio kwa bahati mbaya, akakasirika sana badala ya kushukuru. Watoto walicheka mpaka abiria wengine wakageuka kusikiliza.

MAMBO YA SAFARI

Kutoka Bariadi ondokeni alfajiri, mpite Lamadi, mwombe kushushwa Kisesa. Kutoka hapo kuna pikipiki, na wenye nguvu waweza kutembea. Lipo kiingilio, na aliye na kamera huongezwa kidogo, ulizeni kabla. Chukueni maji, viatu vya kutembelea kwenye mawe, na chakula chenu, kwa maana watoto hawatatoka mapema. Daftari na kalamu ni vya lazima. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kuandika jina la kila chombo kwa Kisukuma kama bibi anavyolitamka, hata kama mwongozaji atalitamka tofauti, kwa sababu Kisukuma cha Ntuzu si kile cha Mwanza. Wenye nafasi ya siku nyingine, pale Lamadi wakigeukia kulia badala ya kushoto wataelekea Butiama, ambako yako makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999.

Kilima cha Bujora kina ngazi na mawe. Bibi akishindwa kupanda, mtafutieni mahali pa kukaa kivulini karibu na nyumba ya msonge, watoto wazunguke kisha wamletee maswali hapo.